Tarehe ya Ofisi ya Bajeti ya Bunge, na Tarakimu Zilizokwenda Kombo

Inapowadia tarehe 25 Juni, watu wa Nairobi huikumbuka siku ile ya mwaka 2024 ambapo Bunge la Taifa, kwa kura 195 dhidi ya 106, lilipitisha Mswada wa Fedha uliokuwa umekwisha kuitia hamaki nchi nzima, na kabla ya jua kuchwa vijana wakawa wamevuka uzio wa Bunge, sehemu ya jengo imeshika moto, na roho za watu zimepotea katika njia zilizo karibu. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia mswada ule saini. Tangu hapo hurudi ubishi ule ule magazetini na mabarazani: je, wabunge walioitikia “ndiyo” walikuwa wakijua kilichomo katika waraka walioupigia kura? Wapo wanaowatetea kwa hoja kwamba mambo ya kodi ni mazito na mjumbe aliyechaguliwa na watu wake hakuchaguliwa kwa sababu ya elimu ya uchumi. Na wapo wanaojibu kwa ukali kwamba mshahara wa mjumbe, pamoja na marupurupu yake, ni ujira wa kusoma.

Utetezi ule wa kwanza una ila moja kubwa. Bunge la Kenya lina wachumi wake lenyewe, walioajiriwa na Bunge na wasio chini ya amri ya Hazina, ambao kazi yao ni kuyafungua madaftari ya Serikali, kuyapima, na kuwaandikia wajumbe kwa maneno machache kilichomo, kinachokosekana na kinachotia shaka. Hiyo ndiyo Ofisi ya Bajeti ya Bunge, iliyoanzishwa mwezi wa Mei 2007, na tarehe yake ina visa ambavyo havisimuliwi sana, labda kwa sababu hesabu hazijapata washairi. Katika kuvikusanya nimeegemea sheria zenyewe, kifungu kwa kifungu, na habari za Bi. Beatrice Kiraso wa Uganda, ambaye alizisimulia juhudi za nchi yake mwenyewe. Na msomaji atanisamehe nikimpa Bi. Kiraso nafasi pana kuliko apewayo na waandishi wa Kenya, wanaopenda kuanza habari hizi Nairobi.

Zama za ukoloni hazitutakii maneno mengi. Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1907 lilikuwa la maafisa na walowezi, na Mwafrika wa kwanza kuketi humo, Eliud Mathu, hakuingia hadi mwaka 1944. Makadirio ya fedha yaliandikwa na maafisa, yakatetewa na maafisa, na kwa jumla yakapita kama yalivyoandikwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 walibadilika wenye kuandika, lakini mwendo wa waraka haukubadilika. Wala isidhaniwe kwamba nchi ilikosa wataalamu. Mwaka 1965 uliandikwa ule Waraka Na. 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika, ambao Tom Mboya aliushikia bango mbele ya Bunge. Mwaka huo huo ikaanzishwa Taasisi ya Masomo ya Maendeleo katika chuo cha Nairobi. Na mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani likaleta ujumbe wa mabingwa, wakiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ambao ripoti yao ndiyo iliyoifundisha dunia kuwahesabu mafundi wa jua kali miongoni mwa watu wenye kazi. Ilimu ilikuwako, tena ya daraja ya juu. Bali ilikuwa imewekwa upande mmoja wa barabara: wataalamu wote hao waliishauri Serikali, na Bunge, ambalo Katiba ililipa kazi ya kuidhinisha kila shilingi, lilipewa nakala iliyokwisha kupigwa chapa.

Wazee wetu wanaikumbuka sherehe yenyewe. Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha alitoka katika jengo la Hazina akiwa ameushika mkoba juu mbele ya wapiga picha, akaenda Bungeni, akasoma kwa saa mbili au zaidi, na nchi nzima ikasikiliza kwenye redio ipate kujua bei ya sigara, bia na mafuta. Baada ya hapo kanuni ziliweka siku za kuhesabika za kujadili mafungu ya wizara, na siku hizo zilipokwisha, mafungu yaliyobaki yalipitishwa kwa mpigo mmoja pasipo mjadala, kwa utaratibu ambao wabunge wenyewe waliuita kilotini. Wakati huo Serikali ilikuwa imekwisha kuruhusiwa kutumia sehemu ya fedha tangu Julai, na Katiba ya zamani, katika kifungu cha 48, ilikataza Bunge lisishughulikie pendekezo la kuongeza kodi au matumizi isipokuwa kwa idhini ya Rais iliyoletwa na Waziri. Mjumbe angeweza kulaumu, kusifu, kuuliza kwa nini barabara ya kwao haikutiwa lami. Kugeuza tarakimu, hapana.

Ni katika hali hiyo ndipo yalipotokea mambo ya Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo mabilioni ya shilingi yalilipwa kwa jina la fidia ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nchi za nje, hali Kenya haina migodi ya almasi. Mtu mwenye kalamu, karatasi na kitabu cha jiografia angaliweza kuishuku biashara ile; kwa mjumbe, ambaye hakuwa na mtu wa kumshikia kalamu hiyo, shaka ilibaki shaka.

Mwaka 1999 Peter Oloo Aringo alifaulu kulipitishia Bunge badiliko la Katiba lililoanzisha Tume ya Huduma za Bunge, na kwa badiliko hilo Bunge likaweza kuajiri watumishi wake bila kungoja ruhusa ya ofisi ya Rais. Katika miaka hiyo hiyo zilizaliwa au kukomaa taasisi mbili ambazo wajumbe walizitegemea: Taasisi ya Masuala ya Uchumi, IEA, ya mwaka 1994, iliyozoea kuwakusanya watu kila mwaka wakaisikiliza na kuihoji bajeti, na KIPPRA, taasisi ya Serikali ya utafiti na uchanganuzi wa sera, iliyoanza kazi mwaka 1999. Ya kwanza ilikuwa huru lakini ya nje. Ya pili ilikuwa na wasomi wengi lakini ni ya Serikali. Bunge lilihitaji la kwake.

Mfano wa mbali ulikuwako Marekani, na kisa chake kinachekesha kiasi cha kustahili kusimuliwa. Rais Richard Nixon alipokuwa akizizuia fedha ambazo Bunge la nchi yake lilikwisha kuziidhinisha, wajumbe walighadhibika wakatunga sheria, iliyotiwa saini tarehe 12 Julai 1974, ya kujipatia ofisi ya bajeti ya kwao. Ikabaki kumtafuta mkuu wake. Seneti ilimtaka Alice Rivlin, mchumi mwenye sifa. Lakini katika Baraza la Wawakilishi mwenyekiti wa kamati ya bajeti, Al Ullman, hakutaka kabisa kazi ile ipewe mwanamke. Shauri likakwama. Kwa masimulizi ya Bi. Rivlin mwenyewe, aliyekwamua ni mchezaji wa dansi: mwezi wa Oktoba 1974 polisi wa Washington waliisimamisha gari ya Wilbur Mills, mwenyekiti wa kamati ya kodi na mmoja wa wakubwa wa Bunge lile, na ndani yake akachomoka bibi mmoja wa jukwaani, Fanne Foxe, akajitosa katika maji ya bwawa la Tidal Basin. Mills akaanguka kutoka cheo chake, Ullman akapanda kukishika, mwenyekiti mpya wa kamati ya bajeti hakuwa na kinyongo na wanawake, na mwezi wa Februari 1975 Bi. Rivlin akaanza kazi. Aliweka mila moja ambayo ofisi nyingi za namna hiyo zimeiiga: kuwaambia wajumbe kila jambo litagharimu nini na litaleta nini, na kutowaambia kamwe wapige kura gani.

Lakini Afrika Mashariki hatukuwa na haja ya kwenda Washington. Bunge la Sita la Uganda, lililokaa tangu 1996 hadi 2001, lilikuwa Bunge lenye ghera. Chini ya Katiba ya mwaka 1995, na katika utaratibu usiokuwa wa vyama, liliwapigia mawaziri kura za kutowaamini, akiwamo Jim Muhwezi mwaka 1998 na Sam Kutesa mwaka 1999. Bunge lililoonja nguvu kiasi hicho halikuweza kuendelea kupokea bajeti katikati ya mwezi wa Juni, wiki mbili kabla ya mwaka wa fedha kuanza, likaambiwa “ipitisheni.” Ndipo Beatrice Kiraso, mbunge asiyekuwa na wizara wala jeshi la maafisa nyuma yake, alipoandaa mswada wa binafsi wa kuipanga upya kazi yote ya bajeti. Serikali iliutazama kwa jicho la hadhari, kama itazamavyo kila serikali mkono wa mgeni unapoingia katika sanduku la fedha; hoja ya Wizara ikawa kwamba bajeti ni kazi ya Serikali na Bunge likiingia mapema litavuruga. Jibu la Bi. Kiraso lilikuwa jepesi na gumu kulikanusha: Katiba imeshaliamuru Bunge kuidhinisha, na hakuna kuidhinisha pasipo kufahamu.

Sheria ya Bajeti ya Uganda ilipita mwaka 2001. Uzuri wake uko katika tarehe zake. Ifikapo Aprili mosi Rais sharti alete mbele ya Bunge makisio ya awali ya mapato na matumizi ya mwaka ujao. Ifikapo tarehe 25 Aprili kamati za Bunge ziwe zimekwisha kuyachambua. Na ifikapo tarehe 15 Mei Spika awe amemwandikia Rais maoni ya Bunge, mwezi mzima kabla ya hotuba yenyewe. Yaani Bunge lilisogezwa kutoka mwisho wa shughuli likaketishwa katikati yake. Tena kila mswada ukatakiwa kuja na hati inayoonyesha utaigharimu nchi kiasi gani. Na kwa sababu mwanasheria yeyote aweza kuandika tarehe, ila si mjumbe yeyote awezaye kuchambua mafungu mamia kwa wiki tatu, sheria hiyo hiyo ikaanzisha Ofisi ya Bajeti ya Bunge, yenye wachumi wa kuziandalia kamati karatasi. Bi. Kiraso aliongoza Kamati ya Bajeti, kisha mwaka 2006 akaenda Arusha kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sheria yake imekuja kumezwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015. Sikumbuki kuona jengo, ukumbi wala kichochoro kilichopewa jina lake katika miji yetu, ambayo haikosi majina ya mawaziri wa fedha.

Kenya iliufuata mkondo huo kwa mwendo wa taratibu. Mswada wa kuipanga upya bajeti, ulioandaliwa kwa msaada wa IEA, ulibebwa na Oburu Oginga, mbunge wa Bondo; na kabla haujawa sheria, Tume ya Huduma za Bunge ilikwisha kuona kwamba haina haja ya kungoja, ikaifungua ofisi mwezi wa Mei 2007 kwa amri yake. Phyllis Makau ndiye aliyeiongoza katika miaka mingi ya mwanzo. Mwisho wa mwaka huo ukaja uchaguzi na machafuko yaliyoifuata hesabu yake, ikaundwa serikali ya mseto, na kwa mzaha wa mambo Bw. Oburu, mwenye mswada wa kuibana Hazina, akajikuta mwaka 2008 ameteuliwa kuwa Waziri Msaidizi wa Fedha.

Hapo ndipo tunapofika katika kisa kilichoipa habari hii uhai. Mwezi wa Januari 2009 Uhuru Kenyatta alikabidhiwa Wizara ya Fedha, na miezi michache baadaye akaleta Bungeni makadirio ya nyongeza ya mwaka wa fedha 2008/2009. Makadirio ya nyongeza, kwa asiyewahi kuyafungua, ni kitabu kinene kisicho na simulizi: safu ya kwanza namba ya fungu, ya pili jina la matumizi, kisha kiasi kilichoidhinishwa mwanzo, kisha kinachoongezwa au kupunguzwa, na mwisho jumla mpya, na chini ya kila wizara jumla ndogo, na mwisho wa kitabu jumla kuu. Wabunge wengi, na hili si la Kenya peke yake, husoma jumla kuu na fungu la jimbo lao. Kundi moja la raia, Mars Group Kenya, likiongozwa na Mwalimu Mati, halikusoma hivyo. Lilikaa na vitabu, likalinganisha tarakimu kwa tarakimu, likaona haviafikiani. Tofauti ilikuwa shilingi bilioni 9.2.

Gitobu Imanyara, mbunge wa Imenti ya Kati, akalichukua jambo hilo akalisimamisha mbele ya Bunge, na kwa siku kadhaa nchi haikuwa na mazungumzo mengine. Waziri akajieleza kwamba hakuna senti iliyopotea wala iliyokusudiwa kupotea. Lililotukia ni kosa la upigaji chapa na kompyuta katika kuandaa vitabu. Maelezo hayo yaliingia katika matatu na mabaraza kwa kasi ambayo hotuba ya bajeti haijawahi kuipata. Akina mama wa sokoni waliokuwa wakidaiwa senti hamsini na karani wa manispaa waliuliza kama nao wanaweza kukosea chapa. Ikaundwa kamati ya pamoja ya Fedha na Bajeti, maafisa wa Hazina wakaitwa mmoja mmoja wakahojiwa, na mwisho wa shauri Waziri hakutiwa hatiani kwa kusudi la wizi, ila ilikubaliwa kwamba makosa yalikuwako, na yakasahihishwa.

Mimi si katika wanaoamini kwamba kila kosa la hesabu ni wizi uliovaa kanzu. Yawezekana kabisa kwamba karani aliyechoka, katika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi vitabu, alinakili safu isiyostahiki. Linalonishangaza ni jingine: vitabu vile vilipita mikononi mwa maafisa wa Hazina, makatibu wa wizara, na Bunge lenye wajumbe zaidi ya mia mbili na kumi na kamati zake, na aliyeona kosa ni raia aliyeketi nje ya uzio. Ofisi ya Bajeti ilikuwa na umri wa miaka miwili, watu wake wachache, haina sheria inayoilinda, na afisa wa wizara aliyeombwa takwimu aliweza kujibu apendavyo au kutojibu kabisa. Waliokuwa wakidai kwamba Bunge lina wasaidizi wa kutosha walinyamaza. Mwaka huo huo wa 2009 Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Serikali, ule mswada uliozungushwa miaka, ikapata kukamilika; ofisi ikapata msingi wa kisheria, na Waziri akatakiwa kuleta mapema taarifa ya sera ya bajeti badala ya kungoja siku ya mkoba. Siwezi kusema kosa lile ndilo lililoileta sheria, kwa kuwa mswada ulikuwako zamani. Lakini ni vigumu kukataa kwamba lilimfungia mlango kila aliyetaka kuuahirisha tena.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 221, imeamuru makadirio yafike Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, ndiyo kusema mwisho wa Aprili, na kamati isikilize maoni ya wananchi kabla ya kuamua. Mara ya kwanza kuitekeleza amri hiyo, mwaka 2011, ulizuka ubishi mkubwa baina ya Hazina na wabunge juu ya tarehe na juu ya hotuba yenyewe, hata Spika Kenneth Marende akalazimika kutoa uamuzi. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, ambayo kifungu chake cha 10 ndicho msahafu wa ofisi hii hadi leo: watumishi wake wateuliwe kwa sifa na uzoefu katika fedha, uchumi na sera za umma, wazisaidie kamati kwa habari za bajeti, fedha na uchumi, na kazi yao ishike kanuni ya kuwashirikisha wananchi. Tanzania nayo ilijipatia Kamati ya Bajeti ya Bunge, kisha Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015, lakini hizo ni habari za makala nyingine.

Yafaa msomaji ajue kazi hii inavyofanyika, maana watu wengi hudhani mtaalamu wa Bunge ni mtu wa kutoa hotuba. Mwezi wa Februari, taarifa ya sera ya bajeti inapoletwa, mchumi wa Bunge hutazama kwanza makisio ya mapato, kwa kuwa ndipo penye hila kongwe kuliko zote: Hazina ikikisia kwamba uchumi utakua kwa kasi na kodi zitamiminika, matumizi makubwa huonekana yanawezekana, na Desemba fedha zisipoonekana huletwa makadirio ya nyongeza au mkopo. Kwa hiyo huchukua makisio ya miaka iliyopita, akayaweka kando ya makusanyo yaliyopatikana kweli, akapima upana wa pengo. Pili hutazama madeni, kwani deni la Kenya lilivuka shilingi trilioni kumi mwaka 2023, na riba haingoji mjadala. Tatu huteremka katika wizara moja moja: mradi uliopewa fedha mwaka jana, je, umetumia ngapi, mbona fungu la usafiri limeongezeka na la dawa limepungua. Aprili makadirio yanapofika, kila kamati hupelekewa karatasi za mafungu yake, na mchumi huketi nyuma ya mwenyekiti, tayari kunong’ona Katibu wa wizara anapojibu swali ambalo hakuulizwa. Hana haki ya kusimama akasema, “Bwana Mwenyekiti, hiyo si kweli.” Huandika kikaratasi, hukisukuma mbele, na mjumbe hukisoma au hukiweka chini ya gilasi ya maji.

Hapo ndipo ilipo aibu ya siku hizi, na sioni sababu ya kuificha. Ofisi iliyopiganiwa kwa miaka mingi hutoa nyaraka, huzitangaza katika tovuti ya Bunge, na nyingi zimeandikwa kwa ushujaa kuliko unavyotarajia kwa watumishi wa umma. Halafu wakati wa kura unapofika, mjumbe hufuata neno la kiranja wa chama. Mchumi ameajiriwa kumwambia mjumbe bei ya kitu. Hawezi kumtia haya ya kukinunua. Katika serikali za kaunti, ambazo ni arobaini na saba na zinagawiwa mabilioni kila mwaka, msaada wa namna hii kwa madiwani ni haba zaidi, na madiwani wengi huyakuta makadirio wiki ile ile wanayotakiwa kuyapitisha.

Mwaka 2024 mambo hayo yote yalikutana. Mswada wa Fedha ulikusudia kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Ulileta kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya mkate na ushuru wa asilimia 2.5 ya bei ya gari kila mwaka, mambo mawili ambayo yaliondolewa kwa kelele za watu siku chache kabla ya kura, na Hazina ikaonya kwamba kuyaondoa kutaacha pengo la shilingi bilioni 200. Onyo hilo lilikuwa la kweli kwa upande wa hesabu. Lakini waliolifafanua pengo hilo kwa wananchi, na kuuliza kwa nini lisizibwe kwa kupunguza safari na ofisi mpya, hawakuwa wajumbe. Mahakama nayo ilikuwa na neno: tarehe 31 Julai mwaka huo Mahakama ya Rufani ikaibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka uliotangulia kwa kasoro za ushirikishwaji wa umma, na mwezi wa Oktoba Mahakama ya Juu ikaugeuza uamuzi huo. Wanasheria wataendelea kuchuana.

Limebaki jambo moja ambalo sijaona likitajwa na wanaoiandikia ofisi hii sifa. Tarehe 4 Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, na Katiba ya sasa, katika kifungu cha 7, imekifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ripoti za Ofisi ya Bajeti zinaandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wachumi, ambacho hata mwalimu wa Kiingereza hukisoma mara mbili. Mwezi ule wa Juni 2024, vijana wenye simu mkononi waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa Kiswahili, Kikikuyu, Kijaluo na Kikalenjin, wakausambaza katika TikTok na X kwa muda wa siku chache, bila mshahara na bila posho ya kikao. Hiyo ni kazi ambayo sheria ya mwaka 2012, iliyoiamuru ofisi iwashirikishe wananchi, ingetarajiwa kuwa imekwisha kuianzisha zamani, na gharama ya kuajiri wafasiri watatu au wanne haiwezi kuwa imewashinda watu wanaoidhinisha matrilioni.